Lisemwalo Lipo? Kweli na Uongo Kuhusu Fitina za Dini Katika Siasa za Marekani

Wahenga walisema lisemwalo lipo, kama halipo laja. Wapika fitina wanaipenda sana methali hiyo, kwa sababu anayeiamini hadai ushahidi. Kusikia tu kunamtosha. Katika siasa za Marekani silaha hii ina zaidi ya miaka 200. Mgombea hapingwi kwa sera zake. Watu wananong'onezana kwamba dini anayoitaja si dini yake, au kwamba dini yake ni hatari kwa nchi. Hizi hapa kauli saba, na hukumu ya kila moja.

1. "Sheria inamtaka rais wa Marekani awe Mkristo."

UONGO. Ibara ya 6 ya Katiba, iliyoandikwa mwaka 1787, inakataza kumpima mtu kwa dini yake ili apewe wadhifa wa serikali ya shirikisho. Majimbo ndiyo yaliyochelewa. New Hampshire ilidai wabunge wake wawe Waprotestanti hadi 1877. Maryland nayo iliwataka wenye nyadhifa za umma wakiri kwamba wanamwamini Mungu, mpaka Mahakama ya Juu ilipolitupa sharti hilo mwaka 1961. Kipimo ambacho sheria imekikataza mchana, fitina hukirudisha usiku.

2. "Fitina hizi zimeletwa na mitandao ya kijamii."

UONGO. Mwaka 1800 wapinzani wa Thomas Jefferson walimtangaza magazetini na mimbarini kuwa kafiri, na huko New England ukavuma uvumi kwamba akishinda, watu watanyang'anywa Biblia zao. Alishinda, na hakuna Biblia iliyoguswa. Mwaka 1846 Abraham Lincoln, akigombea ubunge dhidi ya mhubiri wa Kimethodisti, alilazimika kuchapisha kikaratasi cha kujitetea kwamba hakuwahi kuudhihaki Ukristo. Miaka michache baadaye kikaibuka chama kizima kilichosimama juu ya chuki dhidi ya Wakatoliki na wahamiaji. Wanachama wake walifundishwa wakiulizwa wajibu, "Sijui lolote," na jina hilo likawaganda. Mwaka 1856 mgombea wao, rais wa zamani Millard Fillmore, alipata kura moja katika kila tano.

3. "Al Smith alikosa urais mwaka 1928 kwa sababu ya Ukatoliki wake."

KWELI NUSU. Gavana huyu wa New York alikuwa Mkatoliki wa kwanza kuteuliwa na chama kikubwa kugombea urais. Picha za handaki la Holland, linalopita chini ya mto Hudson, zilisambazwa kwa madai kwamba linachimbwa hadi Vatikani ili Papa aje kutawala. Treni ya Smith ilipokaribia Oklahoma, Ku Klux Klan waliwasha misalaba njiani. Hata hivyo uchumi ulikuwa unang'ara mikononi mwa chama cha mpinzani wake, Herbert Hoover, na Smith alipinga marufuku ya pombe, ambayo wengi nchini waliiunga mkono. Alishinda majimbo 8 kati ya 48. Chuki haikumshinda peke yake, lakini ilifanya kazi yake. John Kennedy, Mkatoliki mwenzake aliyegombea baadaye, aliikumbuka vizuri: Septemba 1960 alikwenda Houston kuwaeleza wachungaji wa Kiprotestanti, uso kwa uso, kwamba hatapokea amri za Papa.

4. "Anayepanda fitina ya dini ndiye avunaye."

UONGO. Mwaka 1884, siku chache kabla ya uchaguzi, mchungaji Samuel Burchard alisimama mbele ya mgombea James Blaine jijini New York akakiita chama pinzani chama cha ulevi, Uroma na uasi. Blaine, ambaye mama yake mwenyewe alikuwa Mkatoliki, hakumkemea. Wakatoliki wenye asili ya Ireland, aliokuwa amewabembeleza kampeni nzima, walichukizwa. Alilikosa jimbo la New York kwa kura zipatazo 1,000 tu, kati ya zaidi ya milioni moja, na pamoja nalo akaukosa urais.

5. "Barack Obama alizaliwa Mombasa, na ni Mwislamu."

UONGO, mara mbili. Alizaliwa Honolulu tarehe 4 Agosti 1961, na magazeti mawili ya huko yalitangaza kuzaliwa kwake mwezi uleule. Mwaka 2009 ilisambazwa karatasi iliyodaiwa kuwa nakala ya cheti chake cha Mombasa. Ilikuwa na tarehe ya Februari 1964 na maneno "Jamhuri ya Kenya". Mtoto yeyote wa shule nchini Kenya angeikataa palepale: jamhuri ilitangazwa tarehe 12 Desemba 1964, na ndiyo sababu ya Sikukuu ya Jamhuri.

Ilisambazwa pia picha yake akiwa Wajir mwaka 2006, amevaa kilemba na shuka jeupe alilovishwa na wazee wa Kisomali. Sisi tunajua mgeni akivishwa ni heshima, wala haulizwi dini yake. Kule Marekani iliuzwa kama ushahidi wa siri. Babu yake wa Kogelo alikuwa Mwislamu kweli, na jina la Hussein limetoka huko. Obama mwenyewe alibatizwa Chicago.

6. "Njia ya mwongo ni fupi: ushahidi ukitolewa, uvumi hufa."

UONGO, na inauma kuusema. Kituo cha utafiti cha Pew kilipouliza Machi 2009, asilimia 11 ya Wamarekani walisema Obama ni Mwislamu. Agosti 2010, baada ya mwaka mmoja na nusu wa kumwona Ikulu, walikuwa asilimia 18. Na mwaka 2008 alikuwa ameshambuliwa vilevile kwa mahubiri ya mchungaji wake, Jeremiah Wright. Huyohuyo aliitwa Mwislamu wa siri na mfuasi wa mchungaji mkali. Fitina haiangalii kama maneno yake yanapatana. Inatafuta tu pa kushika.

7. "Jibu sahihi ni kusema: si kweli, yeye si Mwislamu."

KWELI NUSU, na nusu iliyobaki ndiyo nzito. Oktoba 2008, mkutanoni Minnesota, mwanamke mmoja alimwambia John McCain, mpinzani wa Obama, kwamba Obama ni Mwarabu. McCain alimkatiza: hapana, ni mtu mwadilifu na baba wa familia. Lilikuwa jambo la kiungwana. Lakini liliacha swali: kwani Mwarabu hawi mwadilifu? Siku chache baadaye Colin Powell, mwanachama mwenzake McCain, alisema kwenye televisheni kwamba Obama ni Mkristo, kisha akauliza: na angekuwa Mwislamu, kuna ubaya gani? Akaeleza juu ya kaburi la Arlington lenye alama ya mwezi na nyota, la kijana wa miaka 20 aliyefia Iraq akiwa na sare ya Marekani.

Swali hilo ndilo linaloua fitina, kwa sababu kukanusha tu ni kukubali kwamba lililosemwa lilikuwa tusi. Keith Ellison alipochaguliwa mwaka 2006 kuwa Mwislamu wa kwanza katika Bunge la Marekani, mtangazaji mmoja alimtaka athibitishe kwamba hafanyi kazi na maadui wa nchi. Ni shutuma ileile aliyotupiwa Smith, Papa akiwa ameondolewa tu na adui mwingine akawekwa. Ellison hakuwa na la kukanusha. Januari 2007 alishika Kurani katika picha yake ya kiapo, nakala iliyokuwa mali ya Thomas Jefferson, yuleyule aliyevumishiwa kuwa adui wa Biblia. Na mwaka 2025 wakazi wa New York wakamchagua Zohran Mamdani, Mwislamu aliyezaliwa Kampala, kuwa meya wao.

Kwa hao wawili, lisemwalo lilikuwepo. Halikuwa kosa.