Mafuta yasiyo sahihi yanavyokula faida ya wasafirishaji Morogoro

Kabeji, karoti na njegere za Mgeta hushuka kutoka Milima ya Uluguru kwa Fuso, Canter na Land Rover kuukuu, nyingi zikiwa za dizeli. Bodaboda zinazopanda Kinole na Matombo hutumia petroli, mara nyingi ile inayouzwa kwenye chupa za maji kando ya barabara. Kwa wasafirishaji hawa, kosa moja kwenye tenki linaweza kufuta faida ya msimu.

Dizeli huwaka kwa mgandamizo, na yenyewe ndiyo hulainisha pampu na nozeli. Petroli ikiingia humo, vyuma vya pampu husagana na chembe zake husambaa hadi kwenye nozeli. Gari la petroli likitiwa dizeli hutoa moshi, hukosa nguvu na kuzima, ila matengenezo yake kwa kawaida huwa nafuu. Kosa la kwanza ni ghali zaidi, tena ni jepesi kutokea, kwa sababu mdomo mwembamba wa pampu ya petroli huingia kwenye tenki la dizeli bila kizuizi.

Kubwa zaidi ni uchakachuaji. Mafuta ya taa yalipokuwa na ushuru mdogo, wafanyabiashara wasio waaminifu waliyachanganya na dizeli. Mwaka 2010 EWURA, mamlaka ya udhibiti wa huduma za nishati na maji, ilianza kuweka vinasaba, yaani kemikali za utambuzi, kwenye mafuta yaliyolipiwa kodi. Yakichanganywa, kipimo huonyesha vimepungua. Kisha, katika bajeti ya 2011/12, ushuru wa mafuta ya taa ulipandishwa kutoka shilingi 52 hadi 400.30 kwa lita. Kishawishi kilipungua, lakini kaya za vijijini zilizotegemea koroboi zilibeba mzigo huo. Morogoro bado inahitaji ukaguzi wa karibu, kwani malori ya mafuta yaendayo Zambia na Kongo hupita Msamvu, mjini Morogoro, na mafuta hayo yaendayo nje hayalipiwi kodi ya ndani, hivyo kuna kishawishi cha kuyauza humu nchini.

Mwenye gari naye ana wajibu. Taja aina ya mafuta, tazama pampu kabla haijaanza kumimina, na dai risiti, kwa kuwa bila risiti ni vigumu kudai fidia. Ukigundua kosa, usiwashe gari wala kufungua swichi. Livute kwa fundi amwage tenki na kubadilisha filta. Gharama hiyo ni ndogo kuliko kununua pampu mpya huku mboga za wakulima zikiozea njiani.