Selimundu Ukubwani: Uvumi na Ukweli Kati ya Thika na Ruiru

Tangu Marekani ilipoidhinisha tiba za jeni za selimundu mnamo Desemba 2023, habari zake zimezunguka kwenye simu za watu bila kupumzika. Zimewafikia wapangaji wa Makongeni, wafanyakazi wa viwanda vya Thika, wanafunzi wa Juja na mama mboga wa Kimbo. Wanaoishi na sikoseli, kama wengi tunavyoiita, sasa wanasikia sauti mbili. Moja inawaambia tiba imepatikana, wauze shamba wasafiri. Nyingine inawaambia mtu mzima hana dawa, avumilie. Zote mbili zinaumiza watu, na ya pili ndiyo inayoumiza wengi zaidi. Haya hapa ni madai yanayorudiwa sana, pamoja na hukumu yangu kwa kila moja.

"Huu ni ugonjwa wa watu wa ziwani na pwani. Huku Kiambu haupo."

Si kweli, ingawa chimbuko la dai hili linaeleweka. Mwaka 1949 Anthony Allison, kijana aliyelelewa Kenya, alijiunga na msafara wa Chuo Kikuu cha Oxford uliokuja Mlima Kenya, akakusanya damu za watu wa jamii mbalimbali. Katika baadhi ya jamii za pwani na za kandokando ya Ziwa Victoria, zaidi ya watu 20 kati ya 100 walibeba jeni ya selimundu. Kwenye nyanda za juu hawakufika hata mmoja kati ya 100. Mwaka 1954 alitoa sababu: anayebeba jeni moja tu, yaani AS, hupata kinga fulani dhidi ya malaria kali, kwa hiyo jeni hiyo ilishamiri palipokuwa na malaria nyingi.

Ramani hiyo sasa ina zaidi ya miaka 70. Thika imekuwa mji wa viwanda, Ruiru imejaa nyumba za kupangisha, na watu kutoka Siaya, Busia, Bungoma na Kilifi wameoa, wameolewa na wamezaa hapa. Shida ya uvumi huu ni kwamba mtu mwenye jina la Kikuyu au la Kikamba akiugua mifupa mwaka baada ya mwaka, hutibiwa baridi yabisi au homa ya matumbo, na hakuna anayewaza kumpima selimundu. Ukipimwa, fahamu pia kwamba kile kipimo cha haraka kiitwacho "sickling" hakitofautishi anayebeba jeni moja na mgonjwa mwenye jeni mbili. Jibu kamili hutolewa na kipimo cha kutenganisha aina za hemoglobini. Kuna watu wenye AS walioambiwa ni wagonjwa, na wakaishi na hofu bure.

"Mwenye selimundu hafiki miaka 20."

Si kweli. Penisilini ya kila siku utotoni, chanjo za nimonia na kinga ya malaria zimewavusha wengi. Kenya ilianza kuwachanja watoto wote dhidi ya nimokokasi mwaka 2011. Kuna watu wa miaka 40 na 50 wanaoishi na ugonjwa huu, na ndio waliosahaulika zaidi, kwa sababu huduma nyingi zilipangwa kwa ajili ya watoto. Kijana akivuka miaka 18 hutolewa kliniki ya watoto na kujikuta kwenye foleni ya watu wazima, ambako kila mara anaanza upya kueleza historia yake.

"Mtu mzima hana dawa. Ni kunywa maji na kuvumilia."

Hili ndilo dai baya kuliko yote, na si kweli hata kidogo.

Dawa ipo, inaitwa hidroksiyurea, na ni kidonge cha kumeza. Kinachoshangaza ni kwamba ilithibitishwa kwa watu wazima kwanza. Jaribio kubwa la Marekani lenye wagonjwa wazima 299 lilisimamishwa kabla ya muda wake mnamo 1995, kwa sababu faida ilikuwa imeshaonekana wazi: waliomeza dawa walishikwa na maumivu makali karibu nusu ya mara walizoshikwa wale waliopewa vidonge bandia. Marekani iliiidhinisha kwa watu wazima mwaka 1998. Wagonjwa wa jaribio hilo walipofuatiliwa kwa miaka 9, vifo miongoni mwa walioitumia vilionekana kupungua kwa asilimia 40.

Inafanyaje kazi? Kabla ya kuzaliwa, kila mmoja wetu alikuwa na hemoglobini ya kijusi, ambayo haigeuzi seli kuwa na umbo la mundu. Baada ya kuzaliwa mwili huiacha pole pole. Hidroksiyurea huuchochea mwili uitengeneze tena. Pia hupunguza seli nyeupe na kunata kwa seli kwenye mishipa, hivyo damu hupita vizuri zaidi.

Wapo waliokuwa wakiuliza kama dawa iliyojaribiwa Marekani ingefaa kwetu kwenye malaria. Jibu lilitoka Kilifi, Mbale nchini Uganda, Kinshasa na Luanda. Katika utafiti uitwao REACH, watoto 606 walipewa dawa hiyo. Wengi walihofia kwamba ingedhoofisha kinga ya mwili na kuzidisha malaria, lakini malaria ilipungua kwa takriban nusu, maumivu yakapungua kwa zaidi ya nusu, na kuongezewa damu na vifo vikashuka sana. Ni matokeo ya watoto, lakini yaliondoa hofu iliyokuwa imewazuia madaktari wengi wa Afrika kuandika dawa hiyo kwa mgonjwa yeyote.

Mtu mzima huanzishiwa takriban miligramu 15 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Kwa mwenye kilo 60 hiyo ni karibu vidonge viwili vya miligramu 500. Kipimo cha seli zote za damu hufanywa kila baada ya wiki chache mwanzoni, kisha kila miezi miwili au mitatu, na daktari huongeza dozi kadiri damu inavyoruhusu. Wengi huacha hapa. Wanameza mwezi mmoja, maumivu yanarudi, wanasema dawa haifanyi kazi. Inahitaji miezi mitatu hadi sita ya kumeza kila siku bila kuruka. Kuna pia waliobaki miaka mingi kwenye dozi ile ile ndogo ya kuanzia, kwa sababu hakuna aliyewapima na kuipandisha.

"Hidroksiyurea ni dawa ya saratani, itakumaliza."

Nusu ya kwanza ni kweli. Hutumika pia kutibu baadhi ya saratani za damu. Nusu ya pili si kweli. Wagonjwa wa selimundu walioitumia kwa miaka mingi hawakuonekana kupata saratani zaidi ya wenzao. Madhara yake yapo: kucha kuwa nyeusi, nywele kupungua, na seli za damu kushuka kupita kiasi. Hilo la mwisho ndilo sababu ya vipimo. Ukipata homa, usiingoje ipite nyumbani.

Kuhusu uzazi, ukweli upo na usifichwe. Dawa hii inaweza kupunguza mbegu za mwanamume wakati anapoitumia, na mwanamke anayepanga mimba huzungumza na daktari kwanza. Ni mazungumzo ya kufanywa kabla ya kuanza dawa, wala si sababu ya kumnyima mtu dawa.

"Dawa mpya lazima ziwe bora kuliko za zamani."

Si kweli, na historia ya karibuni imetufundisha kwa uchungu. Novemba 2019 Marekani iliidhinisha dawa mbili kwa mpigo, Adakveo ya kudungwa kwenye mshipa na Oxbryta ya kumeza. Zilipokelewa kwa shangwe. Mwaka 2023 Ulaya iliifutia Adakveo kibali, kwa kuwa utafiti uliofuata haukuonyesha kuwa inashinda dawa bandia. Septemba 2024 kampuni ya Pfizer iliiondoa Oxbryta katika soko la dunia nzima baada ya takwimu kuonyesha maumivu na vifo vilivyozidi miongoni mwa walioitumia. Kwa hiyo mtu akikuuzia mojawapo mtandaoni au kupitia "rafiki aliye Marekani", kataa. Kidonge cha 1998 kimebaki, nacho ndicho kinachostahili kupiganiwa kiwe kwenye rafu ya hospitali kila mwezi.

"Tiba ya jeni inaponya selimundu."

Kweli kwa kiasi kikubwa, kwa wachache mno. Uingereza ilikuwa ya kwanza duniani kuidhinisha Casgevy, Novemba 2023. Marekani ikafuata tarehe 8 Desemba, pamoja na nyingine iitwayo Lyfgenia, kwa wenye miaka 12 na zaidi. Katika matokeo yaliyowasilishwa Marekani kuhusu Casgevy, wagonjwa 29 kati ya 31 waliofuatiliwa vya kutosha walikaa angalau miezi 12 mfululizo bila shambulio kali la maumivu. Ni jambo kubwa, na lina haki ya kufurahiwa.

Lakini tazama safari yenyewe. Seli mama hutolewa kwenye damu, hupelekwa maabara kuhaririwa, kazi inayochukua miezi. Kisha mgonjwa hupewa kemo kali ya kuua uloto wake wa zamani, ambayo inaweza kumwondolea uwezo wa kuzaa, ndipo arudishiwe seli zake na kukaa hospitalini kwa wiki kadhaa. Bei ya Casgevy Marekani ni dola milioni 2.2, zaidi ya shilingi milioni 280. Na kinachofanywa na Casgevy ndani ya mwili ni kuamsha hemoglobini ya kijusi, lengo lile lile la hidroksiyurea, ingawa kwa nguvu zaidi na kwa mara moja. Anayesubiri Casgevy huku akikataa kidonge anaacha mto ulio mbele yake akingoja mvua.

"Kupandikiza uloto ni kwa watoto, na lazima upate ndugu anayelingana."

Ilikuwa karibu hivyo, sasa inabadilika. Ndugu wa baba na mama mmoja ana nafasi moja kati ya nne ya kulingana nawe kikamilifu, na upandikizaji huo hufaulu zaidi utotoni. Lakini mwaka 2025 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya vijana na watu wazima 42 waliopandikizwa uloto wa jamaa anayelingana nusu tu, kama mzazi au mtoto. Baada ya miaka miwili, takriban asilimia 95 walikuwa hai, na asilimia 88 walikuwa hai bila uloto mpya kukataliwa. Jirani zetu Tanzania nao wameanza: mwaka 2023 Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ilipandikiza uloto kwa watoto wenye selimundu. Wakenya wengi wanaotafuta huduma hii husafiri India. Kabla ya kuitisha harambee au kuuza ploti, daktari wa damu akupime kwanza na akueleze, kwa maandishi, kama wewe ni wa kupandikizwa na ni hatari gani unazoingia. Wakala wa safari hawezi kukujibu hilo.

"Dawa za kuongeza damu na biturutu ndiyo tiba."

Si kweli. Kula mboga na biturutu upendavyo. Lakini mwenye selimundu hupungukiwa damu kwa sababu seli zake hufa mapema, na mara nyingi si kwa kukosa chuma. Akiongezewa damu mara kwa mara, chuma humrundikia mwilini hadi kwenye ini na moyo. Asimeze dawa ya chuma kabla ya kupimwa. Anayohitaji kwa kawaida ni foliki asidi.

"Baridi ya Julai huleta maumivu."

Kweli. Wakazi wa Kiambu wanaijua baridi hiyo, na baridi ni mojawapo ya vichochezi vinavyofahamika. Vaa nguo nzito, oga maji moto, kunywa maji hata usipohisi kiu. Na ukisafiri Desemba kwenda Busia au Siaya, malaria itakukuta huko hata kama umeishi Ngoingwa, hapa Thika, maisha yako yote. Zungumza na daktari juu ya dawa ya kinga, na ulale ndani ya neti.

"Mwanamke mwenye selimundu asishike mimba."

Si kweli, ila hatari ni kubwa. Shirika la Afya Duniani linasema uwezekano wake wa kufa kwa sababu za uzazi ni mara 4 hadi 11 ya mwanamke asiye na ugonjwa huu. Ndiyo maana Juni 2025 lilitoa mwongozo wake wa kwanza kabisa kuhusu selimundu na ujauzito. Anza kliniki mapema, katika hospitali yenye damu ya kuongezwa na daktari wa uzazi. Hatari hiyo hupunguzwa kwa huduma, na mwanamke mwenyewe ndiye wa kuamua.

"Anayeomba morfini amezoea dawa za kulevya."

Si kweli, na dai hili ni ukatili. Mtu mzima anayefika chumba cha dharura saa nane za usiku akijikunja, akataja dawa na dozi iliyomsaidia mara ya mwisho, anatoa taarifa ya kitabibu. Maumivu ya selimundu hutokana na viungo kukosa oksijeni, na hayaonekani kwenye picha ya eksirei. Kumwacha kwenye benchi kwa sababu "anaijua sana dawa" ni kumwadhibu kwa kuishi muda mrefu na ugonjwa wake. Atibiwe maumivu haraka, kisha maswali yafuate. Kwa wanaume, uume ukisimama kwa maumivu zaidi ya saa nne, hiyo ni dharura ya usiku huo huo, bila aibu.

Ikiwa wewe au mtu wako ana selimundu na amevuka miaka 18, nenda Thika Level 5, Ruiru Level 4 au hospitali iliyo karibu, ukiwa umejisajili na SHA, bima ya afya ya taifa iliyochukua nafasi ya NHIF mnamo Oktoba 2024. Mwambie daktari: "Nataka kujua kama hidroksiyurea inanifaa, na nikishaianza nani atanipima damu." Ukiambiwa hapo hawaifahamu, omba barua ya rufaa kwenda Hospitali ya Taifa ya Kenyatta au Hospitali ya Chuo Kikuu cha Kenyatta, iliyo karibu na Ruiru. Usiondoke bila jibu la daktari au barua hiyo ya rufaa.