Namna Utafiti wa Kisayansi Unavyopimwa Unapopanda na Kushuka

Utafiti wa kisayansi hauna uzito wala urefu, kwa hiyo hupimwa kwa alama unazoziacha: makala katika majarida, vitabu, hataza, majaribio ya tiba yaliyosajiliwa, idadi ya watafiti na fedha zilizotumika. Kila alama ina tabia yake. Mbili kati ya hizo zaweza kutoa majibu yanayopingana kuhusu fani ileile katika mwaka uleule, moja ikionyesha kupanda na nyingine kushuka.

Makala ndizo zinazohesabiwa zaidi, kwa kuwa zina historia ndefu. Jarida la Philosophical Transactions la Royal Society ya London lilianza kutoka mwaka 1665. Mwishoni mwa miaka ya 1940 Derek de Solla Price, Mwingereza aliyekuwa akifundisha Singapore, aliyahifadhi nyumbani mabuku ya jarida hilo wakati maktaba ya chuo haijawa tayari. Aliyapanga ukutani kwa miongo, kila muongo rundo lake, akaona marundo yanapanda kwa kasi inayozidi kuongezeka. Katika vitabu vyake vya mwaka 1961 na 1963 alieleza kwamba sayansi huongezeka maradufu kila baada ya miaka 10 hadi 15 hivi, na kwamba mwendo huo hauna budi kulegea siku moja, kwani watu na fedha vina kikomo. Uchambuzi wa Lutz Bornmann na wenzake uliotoka mwaka 2021 ulipata wastani wa ongezeko la asilimia 4.1 kwa mwaka kwa karne zote za sayansi ya kisasa, yaani maradufu kila baada ya miaka 17 hivi.

Wastani huo huficha mengi, na la kwanza ni chombo cha kuhesabia. Makala huhesabiwa kupitia hifadhidata kama Web of Science, Scopus na PubMed, na kila moja huchagua majarida yake. Mvuvi aliyebadilisha nyavu hawezi kusema samaki wameongezeka baharini kwa kutazama ngalawa yake tu. Web of Science ilipoongeza fahirisi mpya ya majarida yanayochipukia mwaka 2015, maelfu ya majarida yaliyokuwapo siku zote yalianza kuonekana. Majarida yasiyo ya Kiingereza, pamoja na yale ya fasihi, historia na sheria ambako kitabu kina heshima kuliko makala, bado huingizwa kwa uchache. Kwa sababu hiyo, kulinganisha tiba na isimu kwa idadi ya makala peke yake hakuna haki.

Mfano ulio wazi zaidi unatoka kwenye majaribio ya dawa. Mwaka 2004 wahariri wa majarida makubwa ya tiba walitangaza kuwa hawatachapisha matokeo ya jaribio ambalo halikusajiliwa hadharani. Kati ya Mei na Oktoba 2005, majaribio katika sajili ya Marekani iitwayo ClinicalTrials.gov yaliruka kutoka 13,153 hadi 22,714. Hakuna aliyeamini kwamba tiba ya dunia ilikua kwa asilimia 73 katika miezi mitano. Kilichokua ni utii wa kanuni.

Jambo la pili ni kigawanyo. Chukua fani ya kubuni yenye makala 1,000 katika jumla ya 10,000. Ikifikisha makala 1,200 wakati jumla imefika 20,000, fani hiyo imepanda kwa asilimia 20, lakini fungu lake limeshuka kutoka asilimia 10 hadi 6. Kauli zote mbili ni za kweli, na mwenye kuomba ruzuku huchagua ile inayomfaa. Msingi mdogo nao hudanganya: kutoka makala 5 hadi 50 ni ongezeko la asilimia 900.

Waandishi nao hutatiza hesabu. Makala moja ya fizikia ya mwaka 2015, iliyokadiria tungamo la chembe ya Higgs, ilikuwa na waandishi 5,154. Kila nchi iliyoshiriki ikipewa makala nzima, dunia itaonekana imezalisha makala nyingi kuliko zilizochapishwa. Ndiyo sababu wapimaji wengine humgawia kila mshiriki sehemu yake tu.

Hata takwimu ikiwa safi, sababu ya mabadiliko hubaki kutafutwa. Virusi vya Zika viligunduliwa mwaka 1947 kwa tumbili aliyewekwa kizimbani katika msitu wa Zika, karibu na Entebbe nchini Uganda, na watafiti waliokuwa wakifuatilia homa ya manjano. Kwa miaka 60 na zaidi, makala kuhusu virusi hivyo zilikuwa za kuhesabika, hata baada ya mlipuko wa mwaka 2007 katika kisiwa cha Yap. Kisha, mwaka 2015, watoto wenye vichwa vidogo kupita kawaida walianza kuzaliwa kwa wingi kaskazini mashariki mwa Brazil. Februari 2016 Shirika la Afya Duniani (WHO) likatangaza dharura, fedha zikamiminika, na makala zikafumuka. Wagonjwa walipopungua makala nazo zilipungua, ila kwa kuchelewa, kwa kuwa kati ya ruzuku na makala hupita mwaka au zaidi. Hesabu ya mwaka 2017 kwa kiasi kikubwa inasimulia hofu ya mwaka 2016.

Kushuka pia kwaweza kuwa tunda la ushindi. Mgonjwa wa mwisho aliyepata ndui kwa maambukizi ya kawaida alikuwa Merca, Somalia, mwaka 1977, na baada ya WHO kutangaza mwaka 1980 kuwa ugonjwa umeangamizwa, utafiti wake ulififia kwa sababu njema kabisa. Ulifufuka baada ya mwaka 2001, barua zenye kimeta ziliposambazwa Marekani na serikali ikaogopa silaha za kibiolojia. Mgonjwa hakuongezeka hata mmoja.

Kipimo chenye manufaa zaidi kwa afya ya umma, basi, ni kulinganisha utafiti na mzigo wa ugonjwa wenyewe. Uchambuzi uliotoka katika jarida la The Lancet mwaka 2002 ulihesabu dawa mpya 1,393 zilizoingia sokoni kati ya mwaka 1975 na 1999. Zilizohusu magonjwa ya kitropiki na kifua kikuu zilikuwa 16 tu, zaidi kidogo ya asilimia 1. Baadaye juhudi zisizo za kibiashara ziliibua upya feksinidazoli, dawa ya malale ya kumeza iliyokuwa imeachwa tangu miaka ya 1980. Ilijaribiwa hasa katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na nchi hiyo ikaiidhinisha mwaka 2018. Kwa hesabu ya makala, kazi hiyo yote haifikii hata chembe ya zile za saratani zinazochapishwa kila mwaka.