Goma: Kumpokea mchezaji mpya kusigeuke kumtesa

Katika mtaa wa Majengo, tarafa ya Karisimbi, vijana hucheza mpira kwenye udongo mweusi wa volkeno. Anayeingia timu mpya anajua kuna jambo linamngoja kabla ya kuzoeleka: kubeba mipira, kuchota maji, kufua jezi za wakubwa au kuimba mbele ya wote. Ni ubatizo wa timu, ambao wanafunzi wa vyuo vikuu wanauita bizutaje.

Si yote ni mabaya. Wimbo unachekesha, na mgeni anapata marafiki. Kubeba mipira ni kazi kama kila mtu ana zamu yake. Shida inaanza pale mgeni hawezi kukataa: anapigwa, anavuliwa nguo, analazimishwa kunywa pombe au kutoa pesa. Mtoto ambaye nyumbani kwao chakula ni cha kutafuta ataona heri kuacha mpira, na wazazi hawatajua sababu.

Katiba ya Kongo ya 2006, katika kifungu cha 16, inakataza kumtendea mtu kwa ukatili au kumdhalilisha. Sheria ya tarehe 10 Januari 2009 inamlinda kila asiyefikisha miaka 18. Wachezaji wengi wa timu za mitaani wako katika umri huo.

Wakubwa hujitetea kwamba mgeni alikubali mwenyewe. Nchini Ufaransa, utetezi huo haukubaliki. Sheria ya Juni 1998 inaadhibu bizutaje hata kama aliyefanyiwa alikubali: kifungo cha miezi 6 na faini ya euro 7.500. Mwaka 2017 michezo iliongezwa wazi ndani yake. Marekani, chuo kikuu cha Northwestern kilimfukuza kocha wake Julai 2023 kwa sababu ya mateso kati ya wachezaji, ingawa alisema hakuyajua.

Hapa Goma, tangu M23 ilipouteka mji mwishoni mwa Januari 2025, mzazi hawezi kutegemea mahakama za serikali kama zamani. Kwa hiyo ulinzi wa kwanza uko uwanjani. Kocha ampokee mgeni yeye mwenyewe, apange zamu za kazi kwa wote, wakubwa wakiwemo, na akataze pesa ya kuingilia. Na mtoto akiacha mazoezi ghafla, mzazi asimwite mvivu kabla ya kumuuliza kilichotokea.