Kifo Mikononi mwa Dola: Kuchunguza ni Wajibu, si Hisani

Na Mwandishi Wetu, Babati

Mwananchi anapofariki dunia akiwa mikononi mwa askari, familia huuliza swali moja kabla ya mengine yote: nini kilitokea? Kwa mujibu wa sheria za nchi, jibu la swali hilo si hisani ya ofisa yeyote. Ni wajibu wa Serikali.

Wilaya ya Babati, mkoani Manyara, inalifahamu jambo hili kwa uchungu. Oktoba 2013 Serikali ilianzisha Operesheni Tokomeza ili kukomesha ujangili, ikihusisha Jeshi la Wananchi, Polisi na askari wa wanyamapori. Lengo lilikuwa halali, lakini malalamiko ya mateso na vifo yalienea, na baada ya mjadala mzito bungeni operesheni ilisitishwa.

Kamati ya Bunge ya Ardhi, Maliasili na Mazingira, chini ya Mwenyekiti wake James Lembeli, iliwasilisha taarifa Desemba mwaka huo. Miongoni mwa vifo vilivyohusishwa na operesheni hiyo ni cha mwanamke mkazi wa Babati aliyefariki baada ya kukamatwa. Mawaziri wanne walipoteza nafasi zao, na mwaka 2014 Rais Jakaya Kikwete aliunda Tume ya Uchunguzi iliyoongozwa na Jaji mstaafu Hamisi Msumi.

Hata hivyo, waziri kuondoka ofisini ni uwajibikaji wa kisiasa. Hakumwelezi mjane au yatima ni nani aliyesababisha kifo cha ndugu yake, wala kwa namna gani. Hilo hupatikana kwa uchunguzi wa kila kifo na, ushahidi unapotosha, kwa hukumu ya mahakama.

Msingi wa wajibu huo ni Katiba ya mwaka 1977. Ibara ya 14 inalinda haki ya kuishi, na Ibara ya 13 inakataza mateso na adhabu za kutweza utu. Sheria ya Uchunguzi wa Vifo, Sura ya 24, inaweka utaratibu wa kuchunguza vifo vyenye utata, vikiwemo vinavyotokea kizuizini.

Uchunguzi unaoaminika una sifa nne: huanza mapema kabla ushahidi haujapotea, hufanywa na chombo kisichohusika na tukio, hugusa kila aliyetenda na aliyeamuru, na huipa familia taarifa ya kila hatua.

Sifa ya pili ndiyo ngumu zaidi, kwa kuwa mtuhumiwa na mpelelezi huweza kuvaa sare moja. Februari 2022, kufuatia kifo cha mfanyabiashara wa madini mkoani Mtwara, Rais Samia Suluhu Hassan alieleza kuwa Jeshi la Polisi haliwezi kujichunguza lenyewe, akaagiza iundwe timu nyingine. Juni 2025 Mahakama Kuu iliwatia hatiani kwa mauaji hayo watu wawili waliokuwa maofisa wa polisi, na kuwaachia huru washtakiwa wengine.

Familia nayo ina nafasi yake. Iombe mwili uchunguzwe na daktari kabla ya mazishi. Iandike tarehe, saa, kituo na majina ya mashahidi. Na itunze nguo na nyaraka za marehemu. Ikiwa haijaridhika, iwasilishe malalamiko kwa Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, iliyoundwa chini ya Ibara ya 129 ya Katiba. Tume hiyo inaweza pia kuanzisha uchunguzi kwa hiari yake, bila kusubiri mlalamikaji.

Uchunguzi wa haki haumlindi raia peke yake. Humsafisha pia askari aliyetenda kazi yake kwa uadilifu, ambaye pasipo ukweli kuwekwa wazi hubaki akibeba tuhuma za mwenzake.