Mchicha ukistawi kwenye marudio, usidhani udongo ni salama

Ukitoka njia panda ya Usagara kuelekea Sengerema na Geita, unaingia kwenye maeneo ya wachimbaji wadogo wa dhahabu. Mvua zikianza, majani huota hata kando ya marudio, yaani mchanga unaobaki baada ya dhahabu kuchenjuliwa. Mama akikuta mchicha pori umestawi hapo, ni rahisi kusema: kama kungekuwa na sumu, usingeota.

Sivyo ilivyo. Kwenye udongo wenye metali nyingi, mimea mingi hufa. Michache inayovumilia hubaki na kutoa mbegu, na baada ya vizazi kadhaa uzao wake hujaa eneo lote. Kuna inayoizuia metali isipite mizizini, na kuna inayoipandisha hadi kwenye majani na kuifungia ndani ya seli isiudhuru mmea.

Huko Katanga, Kongo, kuna ua dogo la Haumaniastrum katangense, maarufu kama ua la shaba. Huota kwenye udongo wenye shaba nyingi kiasi cha kuua mimea mingine. Wataalamu wa mambo ya kale wamelifuata na kugundua mahali ambapo watu wa zamani waliyeyusha shaba.

Lakini mzazi, uwezo huo huulinda mmea, haumlindi mtoto anayeula. Wachimbaji hutumia zebaki kukamata dhahabu, kisha huichoma, na majani ya jirani hunasa mvuke wake. Marudio yanaweza pia kuwa na risasi au aseniki. Kuosha mboga huondoa vumbi, si kilichokwisha kuingia ndani ya jani. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto. Hudhuru ubongo unaokua.

Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata wa kudhibiti zebaki mwaka 2020, lakini marudio ya miaka ya nyuma hayajaondoka.

Kwa hiyo, usichume mlenda, mgagani wala mchicha karibu na karasha au mialo ya kuchenjulia. Usibebe mchanga wa marudio kujazia bustani. Watoto wasichezee hapo, na zebaki isichomwe nyumbani. Kama shamba lako limepakana na machimbo, zungumza na afisa ugani wa kata kabla ya kupanda mboga.