Rula Iliyo Mfukoni

Je, wajua kwamba mtu anayepita Kampala Road bila rula wala futi kamba tayari amebeba vipimo vya milimita mfukoni? Toa kitambulisho cha taifa, kile Waganda wanachokiita Ndaga Muntu, ukiweke juu ya kadi ya benki. Vinalingana. Vyote hufuata kiwango cha kimataifa, ISO 7810: urefu milimita 85.6, upana 53.98, unene 0.76. Kadi ni ile ile Kampala, Muscat au London, jambo ambalo shubiri na wanda za wazee wetu haziwezi kuahidi, kwani mkono wa mpagazi si mkono wa bibi harusi.

Zipo na sarafu. Shilingi 100 yenye kichwa cha ng'ombe ina kipenyo cha karibu milimita 27. 200 yenye samaki, karibu 25. 500 yenye korongo, 23.5. Ndiyo, thamani inapanda huku umbo likipungua. Mimi naipenda ya samaki: zipange nne kwa mstari, utapata sentimita 10 kasoro kidogo mno.

Vitu vyembamba dawa yake ni kuvirundika. Kwa wachapaji wa Nasser Road, rimu ya karatasi 500 za gramu 80 ina kimo cha sentimita 5 hivi. Gawanya: karatasi moja ni milimita 0.1.

Lakini wanaoishi na milimita kutwa ni mafundi wa magari. Namba ya spana ni upana wa kichwa cha bolti kutoka ubavu hadi ubavu, si unene wa bolti yenyewe. Bolti ya milimita 6 kwa kawaida hufunguliwa kwa spana 10. Ikifika ya milimita 8, Wajapani na Wajerumani huachana: kwenye Toyota utahitaji spana 12, kwenye gari la Ujerumani mara nyingi 13. Na kwa jinsi Toyota zilivyojaa barabara za Kampala, si ajabu spana 12 ndiyo inayopotea gereji kila siku.

Kwa macho, 12 na 13 ni mapacha, na hapo kadi wala sarafu hazisaidii. Ukiichomeka 13 kwenye kichwa cha 12, pembe zake sita zitalika na spana itazunguka bure. Baada ya hapo fundi ataagiza patasi na nyundo, na bei uliyopatana naye asubuhi itabadilika.